Sahihi za Kwa Magadi

Mtu akikuja soko ya ng'ombe na raba nyeupe, ujue hakuulizia. Ama aliulizia akadanganywa.

Yarrow alimwona kabla hajapita geti. Soko ya mifugo ya Nanyuki ilikuwa imejaa mpaka mbuzi zinakanyagana, vumbi juu, madalali wanapayuka, maloli yanarudi nyuma bila kuangalia kama kuna mtu. Katikati ya hiyo fujo yote, msichana. Mtandio wa zambarau, jaketi ya kung'aa ya kampuni, kofia ngumu kwa kwapa, na hizo raba. Nyeupe pe. Alikuwa anahesabu ng'ombe na ncha ya kalamu, midomo inaenda, kama mtoto wa nasari.

"Siste, songa," Yarrow akamwambia. "Huyo nyuma yako hajui kuhesabu. Anajua teke tu."

Akaruka. Akaruka vizuri kabisa, mguu mzima ndani ya mavi ya ng'ombe, ile mbichi.

Madalali wakacheka mpaka mmoja akashika mkia wa ndume asianguke.

"Si ungeniambia nisonge wapi!"

"Nilidhani utatumia akili."

"Kwani wewe ndio mwenye akili hapa?"

"Hapana. Mimi niliacha shule form two. Lakini sijakanyaga mavi."

Msichana akaangalia kiatu yake. Akaangalia Yarrow, gambuti mpaka magoti, bakora mkononi, shali ya miraba myekundu begani. Halafu akaanza kucheka, na si kile kicheko cha kujificha. Alicheka mpaka kofia ngumu ikaanguka, nayo pia ikaingia palepale.

Hapo ndipo Yarrow alipopotea. Akiulizwa leo bado atakuambia ni hapo.

Jina lake Mishi. Mishi binti Rashid, kwao Nyeri, Majengo pale karibu na msikiti, babake fundi wa nguo. Mamake alikuwa Mkikuyu wa Kiriaini, aliolewa akasilimu, akafariki Mishi akiwa darasa la sita. Mishi alikuwa amesoma chuo, na sasa ameandikwa na kampuni ya upepo, ile ilikuwa inataka kusimamisha mapanga makubwa ya kutengeneza stima huko juu kwa uwanda, kati ya Nanyuki na Timau. Kazi yake ni kuongea na watu. Kampuni ilikuwa inaita hiyo kazi jina refu. Yarrow aliita umbea wa mshahara.

"Na hao wanashikana mikono chini ya kitambaa, wanafanya nini?" Mishi akauliza. Pembeni wazee wawili walikuwa wamesimama uso kwa uso, mikono imefunikwa na shali, macho yanaangalia mbali kama watu hawajuani.

"Wanauziana ng'ombe."

"Bila kuongea?"

"Ukiongea soko yote itajua bei. Chini ya shali ni vidole tu. Lete mkono nikuonyeshe."

"Wee! Mkono yangu si ya soko."

"Basi vuta mkono wa jaketi ufunike vidole. Simama mbali. Hata imamu akipita hatasema kitu."

Akavuta jaketi mpaka ncha za vidole. Yarrow akatupa shali juu. Akamfundisha: kidole kimoja ni elfu kumi, ukifinya katikati ni tano, mkono mzima ni elfu hamsini. Mkikubaliana, unapiga kiganja cha mwenzako, paa, na hiyo imeisha. Hata ng'ombe ikufe kabla ya jioni, imeisha. Hakuna karatasi.

"Na kama mtu hataki kuuza kabisa?"

"Anakukunja vidole. Kimoja kimoja, mpaka ngumi ifungwe. Akikufungia hivyo hauongezi bei, hauulizi sababu. Unachukua bakora unaenda nyumbani."

"Ni uchungu, hiyo."

"Ni heshima. Amekuambia bila kukuaibisha mbele ya watu."

Mishi akatoa mkono, akaandika kitu kwa daftari yake. "Nipe namba ya simu. Ni ya utafiti."

"Utafiti ya nini?"

"Bado sijajua," akasema, akaenda zake na kiatu moja nyeupe na ingine ya kijani.

*

Akapiga jioni hiyohiyo. Alikuwa ameshajua kwa kina Yarrow dalali anaitwa dilali.

"Dilali."

"Madam Upepo."

"Hii mavi haitoki. Nimesugua na kila kitu. Monicah anasema nitupe." Monicah alikuwa rafiki yake, walikuwa wamekodi nyumba pamoja Nanyuki na walikuwa wanafanya kazi ofisi moja.

"Usitupe. Hiyo ni alama ya ng'ombe. Sasa wewe ni wangu."

"Ati wako? Na hujalipa hata kiatu!"

Wakaanza hivyo. Kila siku simu. Asubuhi anamwuliza ameamka aje, mchana anamwuliza amekula nini, saa moja usiku wanabishana mpaka chaji inaisha. Mishi alikuwa anamwita dilali mbele ya watu na roho yangu wakiwa wawili. Yarrow hakuwa na maneno tamu, alikuwa anaongea kama mtu anatupa mawe, lakini alikuwa anamnunulia maembe kutoka kwa loli za Meru na kuyaosha mwenyewe, na Mishi alikuwa anaona.

Siku moja Mishi akiwa kwao, Yarrow akateremka mpaka Nyeri. Ilikuwa Jumamosi, wakaenda kuangalia mpira Ruring'u, wakakaa juu kwa ngazi za uwanja na karanga kwa gazeti. Mishi alikuwa amevaa dera ya bluu na sweta ya babake juu, kwa sababu baridi ya Nyeri haina adabu. Mpira ulikuwa mbaya. Hawakuangalia.

"Unapenda hii kazi kweli," Yarrow akasema, "ama ni mshahara?"

"Babangu ana mashine ya stima ya kushona, Yarrow. Nzuri. Alinunua nikiwa form one. Unajua inashona siku ngapi kwa wiki? Stima ikipotea anarudi kwa ile ya mguu, na goti lake limeisha. Na kule Kiriaini kwa cucu, mama ya mamangu, kiwanda cha majani chai inachoma kuni, loli kwa loli, na mto ule tulikuwa tunaogelea sasa unavuka na soksi. Angalia mlima ukiamka asubuhi. Barafu iko wapi?"

"Sikatai upepo."

"Najua hukatai."

"Nauliza Kwa Magadi."

Kwa Magadi ni uwanja wazi huko juu kwa uwanda. Udongo yake ina chumvi, na katikati kuna silanga ya maji. Hakuna mwenyewe. Ng'ombe zote zinazotembea kuja Nanyuki zinalala hapo siku mbili, zinalamba, zinakunywa, zinajaa tumbo, ndio zifike sokoni zikionekana ng'ombe. Bila Kwa Magadi unauza mifupa. Adeer Abdullahi, ndugu ya babake Yarrow, yule alimlea tangu akiwa miaka minne, alikuwa amelala hapo na mifugo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Haiguswi," Mishi akasema. "Ngatia, meneja, ameniambia na mdomo wake. Mapanga yatakuwa kwa mashamba ya ngano, kwa kina Muchiri, watu wamekubali kukodisha. Kwa Magadi itabaki wazi."

"Piga."

"Nini?"

Yarrow akafungua kiganja. Mishi akaangalia kushoto na kulia, akavuta mkono wa sweta, akapiga. Paa.

Timu ya Ruring'u ikafungwa bao hapohapo. Hawakujua mpaka watu wakaanza kutukana refa.

*

Mwezi wa nane Mishi akapiga simu analia.

"Nimeitisha mkutano mara mbili. Wa kwanza walikuja watu tisa. Wa pili, kumi na mmoja, na wanne walikuwa wanataka kazi ya uaskari. Ngatia anasema kama wa tatu hautajaa, ataniondoa aweke mtu anajulikana na watu."

"Unataka wangapi?"

"Babe, hata thelathini."

"Wee nyamaza. Pika chakula."

Yarrow akaenda boma kwa boma. Aliwaambia wafugaji na madalali ni msichana wake, ni mtu wa Nyeri, Mwislamu, hana shida, wakuje wasikize tu. Wakakuja sitini na mmoja. Wazee walivaa koti safi. Muchiri mwenye ngano akakuja na gambuti zake akaketi mbele, akauliza maswali ya kazi na barabara, na alikuwa na haki, watoto wake watatu walikuwa nyumbani bila kitu ya kufanya. Mishi aliongea vizuri. Alitaja Kwa Magadi kwa mdomo wake, mbele ya wote, kwamba itabaki wazi. Watu wakapiga makofi.

Kabla ya pilau, karatasi zikapita. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi.

Abdullahi akashika kalamu kama mtu ameshikishwa nyoka. "Hii ni ya nini?"

"Ni ya chakula, adeer. Wajue sahani ni ngapi."

"Juu hapa hakuna kitu imeandikwa."

"Adeer, umepigwa kiganja na mtu?"

"Hapana."

"Basi hujauza kitu. Ni karatasi tu."

Mzee akacheka. Ilikuwa kweli, kwa jinsi wao walijua dunia. Maisha yao yote hakuna mtu alikuwa amepoteza ng'ombe kwa kuandika jina. Watu wanauza kwa mkono. Akaweka sahihi, herufi mbili na mkwaju, na wote nyuma yake wakaweka, kwa sababu Abdullahi ameweka. Yarrow mwenyewe ndiye alikuwa anashikilia ubao chini ya karatasi isitikisike.

*

Nguzo zilionekana mwezi wa kumi na moja. Nguzo za zege, zimepakwa kichwa nyekundu, zimezunguka Kwa Magadi na silanga ndani. Kwa ubao wa matangazo kulikuwa na ripoti nene ya kampuni, na nyuma yake zimebanwa zile karatasi. Kule juu, pale hapakuwa na kitu, sasa palikuwa na mstari mmoja umepigwa chapa: *Wafuatao wamekubali ardhi ya malisho itumike kwa mradi.*

Jina ya kwanza: Abdullahi. Herufi mbili na mkwaju.

Wanaume walikuja kwa Yarrow hawakupiga kelele. Hiyo ndio ilimmaliza. Walisimama tu nje. Mmoja akauliza, "Ulipewa ngapi?" Abdullahi hakuuliza kitu. Aliingia ndani akalala mchana, na huyo mzee halali mchana.

Yarrow akapiga simu amesimama katikati ya nguzo.

"Roho yangu," Mishi akasema, na sauti yake ilikuwa tayari imejua.

"Ulijua?"

Akasikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Mishi. Nakuuliza kitu moja. Ulijua?"

"Niliona wiki tatu imepita. Nikamwendea Ngatia. Akaniambia ni makosa ya ofisi, itarekebishwa kabla itoke."

"Wiki tatu. Wiki tatu tumeongea kila siku. Jana ulikuwa unaniambia mambo ya chapati!"

"Niliogopa. Kandarasi yangu inaisha Disemba, na nilifikiria nikinyamaza kidogo nitairekebisha ndani kwa ndani bila—"

"Bila mimi kujua."

"Bila kuharibu kila kitu! Yarrow, hiyo stima watu wanaihitaji. Muchiri anaihitaji. Babangu—"

"Sikatai upepo! Nimekuambia Ruring'u sikatai upepo! Nakataa seng'enge kwa maji ya adeer! Ulinipiga kiganja, Mishi. Kwetu hiyo ni kitu."

"Hata kwangu ni kitu."

"Ungekuwa mwanaume ningekuja hapo."

Akakata.

Siku tisa hakushika simu yake. Alikuwa anaiona ikiwaka, MISHI, na ile picha ya raba chafu ameweka, inawaka, inazima. Wafugaji waliandika malalamiko, kamati ya serikali inayopitisha miradi ikaitisha kikao Nanyuki, ukumbini, watu wote wakuje waseme. Jioni kabla ya kikao simu ikawaka mara kumi na moja. Halafu ujumbe kutoka kwa Monicah: *Yarrow shika simu tafadhali. Ni ya maana. Si ya mapenzi.*

Akaizima. Akaenda kukaa na mbuzi.

*

Ukumbi ulijaa mpaka watu wanachungulia kwa dirisha. Mbele meza ya kamati na mwenyekiti wake, mama mmoja wa miwani. Kushoto kampuni, Ngatia na tai yake. Kulia wafugaji. Kina Muchiri katikati, maana wao walikuwa wanataka mradi na bado walikuwa majirani. Mishi alikaa peke yake kwa mstari wa tatu. Hakuwa na jaketi ya kampuni. Alikuwa na buibui nyeusi na ule mtandio wa zambarau, na mikono magotini. Nyuma kabisa, kando ya mlango, kulikuwa na mzee wa kofia nyeupe amekalia kiti ya plastiki, goti moja amelinyoosha. Yarrow hakumjua. Alikuwa hajawahi kupelekwa nyumbani kwa kina Mishi.

"Nani ataanza?" mwenyekiti akauliza.

Yarrow alikuwa ameshasimama. Akachukua maikrofoni.

Alianza vizuri. Alieleza Kwa Magadi, alieleza chumvi, alieleza karatasi zilikuwa tupu juu. Watu wakaitikia. Na angekaa hapo. Lakini akageuka, akaona ule mtandio, na hasira ya siku tisa ikapanda kama maziwa kwa sufuria.

"Mnauliza nani alituuza? Huyo hapo. Alikuja soko akanichekea. Alinipigia simu kila jioni, roho yangu, roho yangu. Mimi mjinga nikadhani napendwa. Kumbe nilikuwa kalamu. Huyu dem hakunipenda mimi, alipenda sahihi sitini na moja! Kampuni ikitaka shamba ingine, wataandika wengine kama yeye. Wazee wa Nyeri, chungeni wasichana wenu, wanafanya kazi gani na mshahara ni wa nini!"

Ukumbi ukalipuka. Mluzi. Kicheko. Mtu akapiga kelele neno moja chafu kutoka dirishani. Simu zilikuwa juu zote zinarekodi. Mishi hakuinamisha kichwa. Alimwangalia tu Yarrow, macho kavu, kama mtu anaangalia loli ikirudi nyuma na amejua haitasimama.

Mwenyekiti akagonga meza mpaka wakanyamaza.

"Kijana, keti. Ungesubiri." Akavua miwani, akavaa ingine. "Asubuhi ya leo kamati imepokea barua. Nitaisoma. 'Mimi, Mishi Rashid, ndiye niliandaa mkutano wa mwezi wa nane. Karatasi zilizosainiwa zilikuwa za mahudhurio na chakula. Hakuna mtu aliulizwa kutoa Kwa Magadi. Niliwaahidi mbele yao kwamba itabaki wazi. Maneno ya juu yaliongezwa baadaye, na karatasi za kwanza nilizipiga picha siku hiyo, nimeziambatanisha. Nilichelewa kusema, na hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine. Nimeacha kazi leo. Naomba mradi uendelee, na naomba Kwa Magadi iachwe.'"

Mwenyekiti akakunja barua.

Yarrow alikuwa bado ameshika maikrofoni. Akasikia kiti ya plastiki ikisukumwa nyuma. Yule mzee wa kofia alisimama polepole, akatembea mpaka mstari wa tatu, akamwekea Mishi mkono begani.

"Twende nyumbani, mama," akasema.

Monicah akainuka upande wa kampuni, akaenda kuwafungulia mlango. Akimpita Yarrow akasema bila kumwangalia, "Mara kumi na moja. Alitaka akusomee kwanza."

*

Kamati iliamua. Kwa Magadi na silanga zikatolewa kwa ramani, njia ya mifugo ikaachwa mita mia moja, na mapanga matatu yakahamishwa shamba ya Muchiri, ambaye alifurahi mpaka akachinjia watu mbuzi, na mbuzi alinunua kwa Abdullahi. Ngatia akaondolewa. Mradi ukaendelea, vijana wakaandikwa kuchimba, wawili walikuwa wa Muchiri na mmoja mtoto wa dilali. Kila mtu alipata kitu yake. Watu walikuwa wanampiga Yarrow mgongo njiani, ati wewe ndio uliongea.

Lakini video ilikuwa imetembea. Ilikuwa imekatwa pale watu wanacheka. Barua haikuwa ndani. Ilifika Nyeri kabla ya Mishi kushuka gari.

Yarrow alijaribu simu. Namba haipatikani. Akatuma mtu kwa Monicah. Monicah akasema, "Mwambie aongee na maikrofoni."

Mwezi wa kwanza, jua kali, Abdullahi akatoka nje amevaa koti safi.

"Washa pikapu," akasema. "Tunaenda Nyeri."

"Kufanya nini, adeer?"

"Kufanya kile ungefanya mwezi wa saba kama ungekuwa na akili. Chukua sukari, chukua kitambaa ya mzee. Na huko utanyamaza. Nitaongea mimi."

Duka ya Rashid ilikuwa chumba kimoja, mlango kwa barabara, mashine mbili, ile ya stima na ile ya mguu. Stima ilikuwa imepotea. Mzee alikuwa anashona kanzu na mguu, goti linalia kila mara akikanyaga. Aliwakaribisha, akawapa viti, akatuma chai. Abdullahi aliongea vile wazee wanaongea, polepole, akizunguka, akiomba msamaha kabla ya kuomba kitu kingine. Alisema kijana amekosa na hakatai. Alisema yeye ndiye mzazi, aibu ni yake. Halafu akamwomba binti.

Rashid akasimamisha mashine.

"Mzee wangu, wewe sina neno na wewe. Umekuja kiume. Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma hiyo siku. Mtoto wangu aliniambia, baba, kuja unisindikize, naenda kusema ukweli na naogopa. Nikaenda nikasikia ile nilisikia." Akavuta uzi akaukata na meno. "Mimi siwezi kumjibia. Mishi!"

Akatoka kwa pazia ya nyuma. Dera ya bluu, mtandio mweupe, na chini zile raba. Zilikuwa zimeoshwa mara nyingi, lakini ubavuni alama ilikuwa bado.

Yarrow akasahau kunyamaza.

"Mishi, nilikosa."

"Najua."

"Nitatengeneza. Nitarekodi ingine, niseme mimi ndio mjinga. Nitaenda msikiti hapa nisimame Ijumaa baada ya swala. Nyumba kwa nyumba, Majengo yote."

"Utaambia wangapi, dilali?" Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Juzi mwanamke sokoni alikataa kunipa chenji mkononi. Aliweka juu ya meza. Utaanzia kwake?"

"Nitaanzia kwake."

"Mimi pia nilikosa. Wiki tatu zangu sijasahau. Lakini mimi kosa langu nilikuja kulisema mbele ya watu nikiwa peke yangu. Wewe langu ulilisema na ukaongeza." Akaweka mtandio sawa. "Naenda Kiriaini kwa cucu. Kesho. Huko simu hazishiki vizuri."

"Nitakuja Kiriaini."

"Bado nakupenda, Yarrow. Usifikirie ni hiyo."

"Basi ni nini?"

Mishi akaangalia babake, akaangalia Abdullahi, akaangalia barabara na watu wanapita.

"Lete shali," akasema.

Moyo wa Yarrow ukaruka. Akavua shali begani, ile ya miraba. Mishi akavuta mtandio ukafunika vidole vyake, kama siku ile ya soko. Shali ikaanguka juu ya mikono miwili. Rashid akageuza uso. Abdullahi akaangalia chai yake.

Chini ya shali Yarrow akafungua mkono wote. Vidole vitano, vyote, hakubakisha. Hakuwa na kingine cha kutoa.

Mishi akashika kidole kidogo. Akakikunja.

Akashika cha pili. Akakikunja. Uso wake ulikuwa umeangalia mbali, vile wazee wanafanya, na machozi yalikuwa yanashuka bila sauti. Cha tatu. Cha nne. Kidole gumba alikaa nacho. Alikaa nacho muda mrefu mpaka Yarrow akadhani labda, labda. Halafu akakilaza juu ya vingine, akafunika ngumi nzima na mkono wake, akaifinya mara moja.

Akavuta shali, akaikunja vizuri, akamrudishia.

Yarrow alijua hauongezi bei na hauulizi sababu. Yeye ndiye alimfundisha.

Stima ikarudi. Taa ikawaka, mashine kubwa ikaanza kuunguruma peke yake kwa kona, na hakuna mtu alienda kuishika.

Walitoka. Yarrow aliendesha pikapu, mkono wa kulia juu ya usukani umefungwa ngumi. Wakapita Kiganjo. Wakapita Naro Moru. Abdullahi alikuwa dilali miaka arobaini, hakuhitaji kuambiwa kitu. Baadaye sana akasema:

"Hiyo mkono utaifungua saa ngapi, kijana yangu?"

"Tukifika, adeer."

Hawakusimama mjini. Waliendelea mpaka juu kwa uwanda, mpaka Kwa Magadi. Nguzo zenye kichwa nyekundu zilikuwa zimesogezwa mbali, kule kwa ngano ya Muchiri tingatinga lilikuwa linachimba, na upepo ulikuwa unavuma vile umevuma hapo siku zote. Ng'ombe za watu zilikuwa zimetawanyika kwa chumvi, zinalamba, matumbo yamejaa.

Abdullahi akashuka. Yarrow akazima gari, akabaki ameketi. Walikuwa wamefika, na mkono ulikuwa bado umefungwa.